Kisoma kadi cha mashine ya paking kinazimika kila jioni: ni stima au ni kifaa?

Msimamizi Nyali

Asalaam aleikum wenzangu, na habari za jioni kwa nyote.

Nasimamia maegesho ya jengo moja la maduka huku Nyali, Mombasa. Mteja akitaka kutoka hulipa kwenye mashine iliyosimama nje, karibu na lango. Anaingiza tiketi, skrini inamwambia deni lake, kisha analipa kwa M-Pesa au kwa kadi. M-Pesa haina neno. Shida yangu ni kadi, kwa sababu kile kisoma kadi kinazimika. Kinakuwa cheusi, halafu taa zake ndogo zinawaka moja baada ya nyingine, linatokea jina la mtengenezaji, na baada ya dakika moja na kitu kinarudi kazini kana kwamba hakuna lililotokea. Wakati huo mteja amesimama na kadi mkononi na magari nyuma yake yanapiga honi.

Mchana malalamiko ni machache sana. Kuanzia saa kumi na moja jioni hadi kama saa mbili usiku ndipo balaa lilipo, na Ijumaa na Jumamosi ndiyo usiseme. Kwa hivyo kila mtu hapa ameshikilia kuwa ni stima: watu wamerudi majumbani, wamewasha AC na majiko, volti zimeshuka. Naona lina maana, ila taa za lango hazipepesi, na kompyuta iliyo ndani ya mashine haizimiki kabisa. Kinachokufa ni kisoma kadi peke yake.

Kuna jambo jingine ambalo sijui kama linahusu. Anayelalamika kwa kawaida si aliyetangulia. Wa kwanza analipa vizuri, anachukua risiti, lango linafunguka, anaenda zake. Anayemfuata ndiye anayekuta kifaa kimekufa. Mlinzi wetu wa lango ndiye aliyeliona hilo, nami nikaenda kusimama pale nikahakikisha ni kweli.

Mtoa huduma wa kadi alitubadilishia kifaa, na kipya kikafanya vilevile. Sasa yeye anasema tatizo ni stima yetu, na fundi aliyefunga mashine anasema tatizo ni kisoma kadi. Mwenye jengo anauliza mimi.

Ndani ya mashine nimeona hivi: pawa saplai moja ya chuma, imeandikwa 24V 150W. Kutoka hapo waya mbili zinakwenda kwenye terminali moja (kile kiunganishi cha waya chenye skrubu), na kutoka kwenye terminali zinagawanyika kwenda kwa printa ya risiti, kompyuta na skrini, na kiboksi kidogo kinachoshusha volti kuwa 12 kwa ajili ya kisoma kadi. Mashine imetazama upande wa bahari na upepo wa kusi unaipiga moja kwa moja. Na tangu tulipoanza kutoa risiti za eTIMS, zile za kodi za KRA, zenye ule msimbo wa QR, risiti zimerefuka, tena mwenye jengo akataka juu iwekwe nembo kwenye ukanda mweusi.

La mwisho: rekodi za kompyuta zinaonyesha kisoma kadi kinajizima na kujiwasha saa tisa usiku, kila siku, wakati paking ni tupu. Hili ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote.

Nifunge UPS, ile betri ya akiba? Stabilaiza? Naomba aliyewahi kupambana na kitu kama hiki anisaidie.

---

Kijana wa Buxton

Dada, hiyo ni stima. Sisi hapa dukani ikifika magharibi friji inanguruma mpaka unaionea huruma. Chukua UPS nzuri yenye stabilaiza ndani yake, funga, utapumzika. Na uchukue kubwa, ndogo zinakufa haraka kwa joto letu hili.

---

Fundi Makadara

Wa aleikum salaam mwanangu Msimamizi. Usinunue kitu bado.

Umeeleza vizuri kuliko wengi wanaonipigia simu, na karibu jibu lote limo ndani ya maelezo yako. Rudi usome ulichokiandika mwenyewe kuhusu wa kwanza na wa pili. Wa kwanza analipa, anapata risiti. Wa pili anakuta kifaa kimekufa. Baina ya hao wawili mashine imefanya kazi gani? Imechapa risiti. Basi kisoma kadi hakizimiki mteja wa pili anapofika. Kimezimika wakati risiti ya yule wa kwanza inatoka, na hakuna aliyekitazama, maana macho ya mtu wakati huo yako kwenye karatasi na kwenye lango.

Hapo utaelewa habari ya jioni. Mchana mteja anakuja, anaondoka, zinapita dakika tano kabla ya mwingine. Kifaa kimeshazimika, kimeshawaka, kimeshatulia. Anayefuata anakikuta kizima. Jioni ni foleni, gari juu ya gari, na wa pili anafika kifaa kikiwa bado kinajiwasha. Nina hakika kubwa kwamba mchana kinazimika vilevile, ila hakuna wa kukiona. Rekodi za kompyuta unazo. Tazama saa za mchana, linganisha kila kuzimika na saa iliyochapwa kwenye risiti.

Kijana wa Buxton amesema kweli kuhusu friji. Friji ina mota, na mota huumia volti zikipungua. Pawa saplai ya aina uliyonayo haiko hivyo. Soma ubavuni mwake. Nyingi zinapokea kuanzia volti 100 hadi 240 bila kubagua, na zile zenye swichi ndogo ya kuchagua 115 au 230, ikiwa kwenye 230, huvumilia mpaka karibu na 180. Stima yetu ni ya 240. Hata jioni ikishuka ikawa 205, upande wa pili zinatoka 24 zilezile. UPS ni kitu kizuri kwa siku ya giza, na mashine ya malipo inastahili kuwa nayo, lakini kwa ugonjwa huu utatumia pesa na foleni itabaki palepale.

Sasa kwa nini printa? Printa ya risiti haina wino, inachoma karatasi. Kichwa chake kina mstari wa vidoti vya joto, na kwa karatasi ya milimita 80 vidoti hivyo kwa kawaida ni 576 kwa mstari. Ukichapa maandishi ya kawaida vinawaka vichache, huku na huko. Ukichapa ukanda mweusi wa nembo, vinataka kuwaka karibu vyote kwa pamoja, na printa iliyokuwa inasinzia inadai ampea kadhaa kwa ghafla. Pawa saplai ya wati 150 inaweza kutoa ampea 6 na kidogo, kwa hiyo kwenye karatasi inatosha. Lakini kutosha kwa pawa saplai si kutosha kwa kifaa. Katikati kuna waya, kuna terminali, kuna skrubu, na kwenu huko kuna chumvi.

Fanya jaribio hili kwanza, halihitaji hata mita. Asubuhi kabla wateja hawajaja, chapisha risiti ya majaribio kutoka kwenye kompyuta, yenye nembo, bila mtu yeyote kugusa kadi. Tazama kisoma kadi, usitazame karatasi. Kisha toa ile nembo, chapisha maandishi matupu, tazama tena. Kikifa na nembo kikapona bila nembo, tumemshika mwizi miguu.

Baada ya hapo njoo na mita. Tafuta yenye kitufe cha MIN/MAX, kinachokumbuka volti za chini kabisa na za juu kabisa, kwa sababu kushuka huku ni kwa kufumba na kufumbua na namba ya kawaida kwenye kioo haiwahi kukionyesha. Upande wa 240 usiguse wewe wala mlinzi. Pale aje fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati. Upande wa 24 unaweza kupima wewe mwenyewe ukiwa makini usiunganishe ncha mbili kwa bahati mbaya.

Pima mahali pengi, kila mahali mashine ikiwa imetulia, halafu wakati nembo inachapwa. Anza palepale waya unapoingia kwenye kisoma kadi. Rudi nyuma kwenye kiboksi cha kushusha volti, upande wa kuingia, na usome kibandiko chake kinasema kinakubali kuanzia volti ngapi. Malizia kwenye skrubu za pawa saplai yenyewe.

Kisha kuna kipimo ninachokipenda kuliko vyote, na mafundi wengi wanakiruka. Weka ncha moja ya mita kwenye hasi ya pawa saplai, na ncha ya pili kwenye hasi ya kile kiboksi. Hasi kwa hasi. Mtu atakwambia huo ni waya mmoja, utapima nini? Ndiyo, ni waya mmoja, na kwa hiyo mita inatakiwa ikuonyeshe karibu na sifuri hata printa ikifanya kazi. Ikikuonyesha volti, hizo ndizo volti zinazoibiwa njiani. Fanya vivyo hivyo chanya kwa chanya. Watu wote hukagua waya mwekundu. Mweusi wanauamini tu, na mimi nimekuta ugonjwa kwenye mweusi mara nyingi sana kuliko mwekundu.

Na swali moja: nembo kwenye risiti inatoka nyeusi kabisa, au imefifia?

---

Mpwani POS

Namuunga mkono mzee. Mimi kazi yangu ni kufunga na kuhudumia vifaa vya kadi, niruhusuni niongeze kuhusu kifaa chenyewe.

Hiyo ya saa tisa usiku, dada, iondoe moyoni. Si hitilafu. Kanuni za usalama za PCI kwa vifaa vya kadi zinataka kifaa kijianzishe upya angalau mara moja ndani ya kila saa 24, ili kumbukumbu yake isafishwe na kijikague. Watoa huduma hupanga ifanyike usiku wa manane. Ukiona kila siku ni saa ileile, ni ratiba. Ukiona saa zinabadilika, hapo ndipo utafute sababu. Waulize walikupangia saa ngapi. Ukihesabu kuzimika, hiyo ya usiku usiihesabu.

La pili, na hili naomba mlinzi, fundi wa jengo na kila mwenye bisibisi alisikie: kisoma kadi hakifunguliwi. Hata ukiwa na uhakika kuna waya umelegea ndani, usikifungue. Ndani mna vihisi vinavyolinda funguo za siri zinazotumika kuficha namba ya siri ya mteja. Ukifungua kifuniko, kifaa kinajifutia funguo hizo papo hapo na hakitafanya kazi tena mpaka kirudi kwa mtoa huduma. Hakibishani na wewe, hakikupi nafasi ya pili. Kukitikisa kwa nguvu au kukitoa ovyo kwenye fremu yake kunaweza kuleta hayo hayo, maana vingine vinahisi hata kung'olewa mahali vilipofungwa.

Na vihisi hivyo vinafanya kazi hata stima ikiwa imekatika, kwa sababu kuna betri ndogo ndani. Betri hiyo ina maisha yake. Kifaa kinachokaa kabatini miezi na miezi bila stima kinaila betri polepole, na siku utakapokitoa utakuta kimejifunga. Kwa hiyo kile kisoma kadi cha akiba mlichonacho, kama mnacho, kisikae kwenye droo mwaka mzima. Vilevile msiwe na desturi ya kuzima mashine yote kila usiku ili kuokoa stima. Mnachookoa ni kidogo, hasara yake ni kubwa.

Jambo la pesa nalo: kuanzia sasa mpaka mtengeneze, linganisheni kila jioni malipo ya kadi kwenye mashine na yale yaliyofika benki. Kifaa kikikatika katikati ya muamala, mteja anaweza kuwa amekatwa na mashine haijui. Mteja wa namna hiyo asihangaishwe langoni. Chukua namba nne za mwisho za kadi na saa, mfungulie aende, fuatilia mwenyewe.

---

Msimamizi Nyali

Mzee wangu Makadara, Mola akujaze kheri. Na wewe kaka Mpwani, ahsante. Nimewauliza watoa huduma na kweli saa tisa usiku ndiyo ratiba waliyoiweka.

Jaribio la nembo nimelifanya asubuhi kabla ya kufungua. Ukanda mweusi ulipoanza kutoka tu, kisoma kadi kikazimika. Risiti haikuwa imefika nusu. Bila nembo, kimya, hakikutikisika. Nikarudia na mlinzi akiwa shahidi, ikawa vilevile. Rekodi za mchana nazo zimejaa. Kila risiti ya kadi au ya M-Pesa, sekunde chache baadaye kisoma kadi kinajiwasha upya. Tulikuwa tunaambiwa mchana ni salama.

Umeuliza rangi ya nembo. Imefifia, ya kijivu, na katikati ina mistari myeupe. Tulidhani karatasi ni mbovu tukabadilisha msambazaji.

Vipimo, nimeazima mita ya fundi wa jengo na yeye mwenyewe alikuwepo:

Kwenye kisoma kadi, mashine ikiwa imetulia, 12.0. Wakati wa nembo MIN ikaandika 1.9.

Kwenye kiboksi upande wa kuingia, 22.6 ikiwa imetulia, 16.4 wakati wa nembo. Kibandiko chake kinasema 18 hadi 36.

Kwenye skrubu za pawa saplai, 24.1, na wakati wa nembo 23.9. Hapo karibu haikusogea.

Chanya kwa chanya, 0.1 na 0.4. Hasi kwa hasi, 1.4 mashine ikiwa haifanyi kitu, na 7.1 wakati wa nembo.

Hiyo 7.1 ilituacha tunatazamana. Fundi wa jengo akazima mashine ukutani, akachomoa plagi, tukafuata waya mweusi kutoka kwenye pawa saplai mpaka kwenye terminali. Skrubu ya hasi ina unga wa kijani na mweupe, na plastiki inayoizunguka imegeuka rangi ya chai. Kuishika skrubu kwa bisibisi, ikazunguka bila upinzani. Waya wenyewe ukiuvuta unatoka. Zile za upande wa chanya zimekaza.

Nikaze tu?

---

Fundi Makadara

Usikaze tu, mwanangu. Ukiikaza leo, nembo itatoka nyeusi kesho, mtafurahi, na kabla masika haijaisha utarudi hapa.

Kwanza tuelewe kilichotokea, ili mwenye jengo akikuuliza uwe na la kumwambia. Volti 24 zinatoka kwenye pawa saplai salama. Zinaporudi kwa waya wa hasi zinakuta ile skrubu iliyolegea na ule unga wa kijani, na unga huo haupitishi umeme vizuri. Printa ikidai umeme mwingi, volti 7 zinapotelea pale. Kile kiboksi kinataka 18 kwenda juu. Kikipata 16 kinajifunga, ndivyo kilivyotengenezwa, na kisoma kadi kinakosa chakula. Kompyuta kwa nini haikuanguka? Nyingi za kompyuta za viwandani zinakubali kuanzia volti 9, kwa hiyo kwake 16 bado ni neema. Na printa yenyewe ilikuwa na njaa, ndiyo maana nembo yako ni ya kijivu. Karatasi haikuwa na hatia.

Volti 7 na ampea kama 5 ni wati 35. Zote hizo zinakuwa joto kwenye skrubu moja ndogo iliyozungukwa na plastiki, kila risiti inapotoka. Ile rangi ya chai ndiyo hiyo. Ni vizuri mmeifikia kabla haijawa moshi.

Kazi yenyewe ifanyike hivi, plagi ikiwa imechomolewa. Ile terminali itupwe, usiisugue, usiiokoe. Waya mweusi ukatwe nyuma mpaka ufikie shaba inayong'aa. Hapa ndipo watu wanapochoka mapema. Chumvi ya Mombasa haiishii kwenye ncha, inatambaa chini ya ganda la waya, na unaweza kuchuna ganda ukakuta nyuzi nyeusi kwa urefu wa kidole na zaidi. Nyuzi nyeusi hazikazwi, zinakatwa. Kama mpaka ufikie shaba safi waya umekuwa mfupi, badilisha waya wote. Madukani wanakouza vifaa vya boti utapata waya ambao nyuzi zake zimepakwa bati; kwa pwani huo ndio wenye maisha. Kila ncha ivishwe kile kichwa kidogo cha bati kinachobanwa kwa koleo lake, halafu ndiyo iingie kwenye terminali mpya na kukazwa. Nyuzi tupu chini ya skrubu hulegea zenyewe kwa kupashwa joto na kupoa, kila siku, hata kusiwe na chumvi.

Mkiwa na mlango wazi, toeni waya wa chanya na wa hasi wa kile kiboksi cha kisoma kadi kwenye terminali ya pamoja, mvipeleke moja kwa moja kwenye skrubu za pawa saplai. Pawa saplai nyingi za hivyo zina skrubu mbili za hasi na mbili za chanya, zitumieni. Hapo printa na ulafi wake itakuwa na njia yake, na kisoma kadi njia yake. Hata siku terminali ya printa itakapoharibika tena, kisoma kadi hakitajua.

Kisha tafuteni chumvi inaingilia wapi. Nina shaka na feni. Kama feni ya mashine inavuta hewa kutoka upande wa bahari, mmeitengenezea chumvi mlango wa kuingilia. Wekeni kichujio, au kama umbo linaruhusu mgeuze hewa iingie kutoka upande wa jengo. Tundu la chini waya zinakopitia lizibwe. Na terminali zikaguliwe kusi inapoanza na inapokwisha, kwa kipimo kilekile cha hasi kwa hasi. Andikeni namba ndani ya mlango kwa kalamu isiyofutika, ili anayekuja baada yenu aone zilikuwaje zilipokuwa nzima.

---

Msimamizi Nyali

Wazee, imekwisha. Waya ulikuwa mweusi ndani kama ulivyosema, tumebadilisha wote. Terminali mpya, kiboksi kimepelekwa moja kwa moja kwenye pawa saplai. Hasi kwa hasi sasa ni 0.1, na nembo ikichapwa inafika 0.2. Kiboksi kinapata 23.7 printa ikiwa kazini. Wikendi imepita na foleni yake, na kisoma kadi kimejiwasha upya saa tisa usiku peke yake, kwa ratiba yake. Nembo ni nyeusi tititi. Feni kweli ilikuwa inavuta upande wa bahari. Kichujio kimewekwa wakati tunatafuta fundi wa kuigeuza.

Namba nimeziandika ndani ya mlango.

---

Dobi Mtwapa

Fundi Makadara, samahani naingilia. Mimi nina dobi la mashine, mteja anajifulia na kujilipia. Kisoma kadi changu ni kidogo, kinakula stima ya USB kutoka kwenye kompyuta, hakuna 24 wala 12. Waya ni wa mita 3 kwa sababu kompyuta iko chumba cha nyuma. Kikikaa bure kiko sawa, mteja akigusisha kadi kinajizima. Printa sina. Chumvi sidhani, kiko ndani. Je, hili ni jambo lilelile?

---

Fundi Makadara

Ni ndugu yake, mama. Chumvi haimo, lakini volti zinapotea njiani vilevile. Kifaa cha namna hiyo kikikaa bure kinakula kidogo sana, na kadi ikikaribia kinawasha redio yake ya kusomea na matumizi yanaruka.

Tazama ubavuni mwa ule waya wa USB, kuna maandishi madogo sana. Tafuta namba zilizoandikwa AWG, yaani geji, kipimo cha unene wa waya. Ukikuta 28 kwa zote, waya wa stima ndani yake ni mwembamba kama uzi. Mita moja ya geji 28 ina upinzani wa kama 0.21 omu. Wako ni mita 3 kwenda na 3 kurudi, ni mita 6, karibu omu 1.3. Kifaa kikivuta nusu ampea, unapoteza zaidi ya volti 0.6. USB ina volti 5 tu kuanzia mwanzo, na kwa kifaa cha nusu ampea tundu lenyewe halitakiwi kwenda chini ya 4.75. Wewe kifaa chako kinapata 4.3 na kitu, kinakata tamaa.

Ukipata waya ulioandikwa 28 na 24, hiyo 24 ndiyo ya stima, na namba ikiwa ndogo ndivyo waya ulivyo mnene. Kwa huo hasara yako inashuka mpaka kama robo ya volti. Bora zaidi sogeza kompyuta ukate urefu uwe mita 1. Na usichomeke kwenye kigawanyaji cha USB kisicho na adapta yake. Chomeka kwenye tundu la kompyuta lenyewe, yale ya nyuma. Kama haiwezekani kusogeza, nunua kigawanyaji chenye adapta yake, kiweke mbele karibu na kisoma kadi, waya mrefu uwe wa kutoka kwenye kompyuta kuja kwenye kigawanyaji.

Ukishabadilisha, jaribu kadi ya kugusisha na ya kuchomeka pia, kisha uniambie.